Uzi: Neno "maandamano" na namna tunavyolitumia hapa Zanzibar

#1 Mleta uzi (Unguja)

Assalaam alaykum wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu juzi.

Mie nasomesha Kiswahili. Juzi usiku nilikuwa nasahihisha mtihani wa Kidato cha Pili, swali la msamiati: eleza maana ya neno, kisha litungie sentensi. Alama mbili kila neno, moja ya maana na moja ya sentensi. Neno la nne lilikuwa "maandamano". Nikafika kwenye karatasi ya mtoto mmoja mwenye hati nzuri, ya kulala, isiyo na mfuto hata mmoja. Kaandika hivi: "Maandamano ni fujo zinazofanywa na watu wasiopenda amani." Chini yake sentensi: "Maandamano yalitokea na watu wakafunga milango."

Nikaiweka pembeni, nikaendelea. Karatasi chache mbele, mwengine: "vurugu za barabarani". Mwengine tena: "vita vya raia na polisi". Nilipomaliza nikarudi nyuma kuzihesabu. Kumi na moja katika darasa moja zilikuwa na neno fujo, vurugu, ghasia au vita. Asubuhi nikamuonesha mwalimu mwenzangu, naye akaniambia, "Wape alama zao bwana, si ndivyo ilivyo?"

Sivyo ilivyo. Na ndiyo maana naandika.

Neno hili ni letu, halikuja na meli. Limetoka kwenye kitenzi *andama*, na *andama* kwa wazee wetu wa pwani ni *fuata*. Kila mwaka ikifika tarehe 29 Shaabani, nchi nzima tunatazama magharibi baada ya jua kuzama na swali ni moja tu: umeandama? Mwezi mpya umefuata ule uliokwisha? Mtu akikukazania kila unapokwenda, kwa deni au kwa ubaya, unasema "ananiandama". Yakikuzidi unasema "nimeandamwa". Afisa *mwandamizi* tunamtaja kila siku ofisini bila kukumbuka kwamba cheo chake kimezaliwa kwenye kitenzi hicho hicho. Mvua huandamana na upepo, homa huandamana na kutetemeka.

Sasa kitie kitenzi hicho ile *-ana* ya kutendana. *Andamana*: kufuatana, mmoja nyuma ya mwengine au bega kwa bega, kuelekea mahali pamoja. Kisha lifanye jina kama tunavyofanya kwa *patana* ikawa mapatano, *elewana* ikawa maelewano, *shindana* ikawa mashindano, *ridhiana* ikawa maridhiano. Yote haya yana sharti moja lililofichwa ndani ya *-ana*: hayawezi kufanywa na mtu mmoja. Unaweza kugoma peke yako, ukasusa peke yako, ukalalamika usiku kucha peke yako. Kuandamana peke yako huwezi. Lazima awepo wa mbele yako au wa nyuma yako. Lipekue neno zima, hutakuta ngumi wala jiwe wala moto. Utakuta miguu.

Na sisi watu wa visiwa hivi kuandamana tunakujua kabla ya siasa yoyote. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia watoto wa madrasa hutoka na zafa, kanzu nyeupe, bendera mbele, dufu nyuma, na mtaa mzima hutoka milangoni kuwatazama. Bwana harusi hupelekwa kwa beni. Jeneza likitoka nyumbani tunalifuata kwa miguu, tunapokezana bega kwa bega mpaka makaburini, na hata asiyemjua marehemu huweka mkono japo hatua saba. Hakuna aliyewahi kuziita fujo safari hizo.

Lini basi neno la miguu likawa neno la milango kufungwa?

#2 Mleta uzi

Naendelea, kwa sababu neno lina majirani na tunawachanganya.

*Mgomo* ni kukataa kufanya kazi. Zanzibar tunao mgomo mkubwa wa kukumbukwa, wa Agosti 1948. Walianza wachukuzi wa bandarini, mshahara mdogo na maisha yamepanda, kisha ukaenea mjini kote. Wapo walioandamana katika siku hizo, lakini jina la tukio ni mgomo na limekaa vizuri, kwa sababu silaha yao ilikuwa ile mizigo waliyoiacha bila kuinyanyua.

*Kususia* ni kujitenga na kitu kwa kutoridhika. Mtoto anayesukuma sahani amesusa, na anachokifanya mtoto mbele ya sahani ya wali ndicho kilichofanywa 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waliposusia karafuu zetu baada ya biashara ya zao hilo kuwekwa mikononi mwa chama kimoja kwa sheria. Ndicho kilichofanywa 1954, wawakilishi wa Kiarabu walipolisusia Baraza la Kutunga Sheria. Ndicho kilichofanywa na chama cha CUF katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016. Kususa ni ufundi wa siasa za Zanzibar, tunakujua kuliko kuandamana, na sisemi hivi kwa kubeza. Mtu aliyesusa hahitaji kupigwa risasi ili aonekane. Hayupo, na kutokuwepo kwake kunaonekana.

*Ghasia* na *fujo* ni mambo kuharibika, watu kuumizana, mali kuvunjwa. Yakitokea yaitwe hivyo hivyo. Kuanzia siku ya uchaguzi wa Juni 1961 watu walichinjana mjini na mashamba, roho 68 zikapotea. Hizo ni ghasia na atakayeziita jina jengine anadanganya.

Halafu tuna *Vita vya Ng'ombe*. Tarehe 30 Julai 1951. Wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Nyuma ya ng'ombe kulikuwa na ardhi, maana mashamba yao yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Waliokataa wakashtakiwa, wakahukumiwa, na watu wakaja kwa wingi kutaka kuwatoa. Polisi wakapiga risasi, wakafa watu. Mkoloni katika karatasi zake aliandika ghasia. Wananchi wakaandika vita, na vita ndilo jina lililobaki midomoni mwetu mpaka leo. Nimeutaja mfano huu makusudi: jina la tukio hupewa na aliyeshinda kulisimulia. Ndiyo maana siwezi kumpa mtoto alama kwa "maandamano ni fujo" nikalala.

#3 Mchangiaji (Wete)

Ndugu mleta uzi, nimekusoma mpaka nukta ya mwisho. Sarufi yako sina ugomvi nayo, na ule mfano wa mwezi nimeupenda. Lakini umeuliza lini neno la miguu likawa neno la milango. Huku kwetu Pemba jibu lake lina tarehe, na nadhani unaijua, umeiogopa tu.

Tarehe 27 Januari 2001, Jumamosi. Mie nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa jikoni kwenye kibanda cha uani, kaweka sufuria ya mihogo ya nazi mekoni. Tuliambiwa tusitoke. Baba alikuwa katoka tangu alfajiri, kavaa kanzu yake ya Ijumaa, na hilo ndilo lililonishangaza, maana siku ile haikuwa Ijumaa. Kisha milio. Mtoto wa mashamba anaijua milio ya nazi ikianguka juu ya bati, nami nikadhani ni hiyo, mpaka mama alipoingia mbio akatusukuma sote chini ya kitanda cha kamba. Tulikaa hapo mpaka tukasikia harufu ya mihogo inaungua. Hakuna aliyethubutu kwenda kuiepua. Mpaka leo nazi ikiungua popote, tumbo langu linajikunja.

Baba alirudi usiku. Baba mdogo hakurudi. Alikwenda na mashua Shimoni, Kenya, tukakaa muda mrefu bila kujua kama yu hai.

Tangu siku ile nyumbani kwetu halitamkwi neno lako. Mama husema "ile siku". Akisikia redioni "maandamano ya Mei Mosi", watu wamevaa fulana na kofia wanapiga ngoma, yeye hunyanyuka akaenda kuangalia komeo la mlango. Nimemuona kwa macho yangu. Sasa mfundishe mama yangu *-ana* ya kutendana, nikuone.

#4 Mleta uzi

Kaka yangu wa Wete, Mwenyezi Mungu awalipe subira. Umenisema kweli, niliizunguka tarehe ile. Nimeandika mgomo wa 1948 na ng'ombe wa 1951 kwa sababu vya zamani vinaandikika.

Basi na iandikwe na hii, kwa wadogo waliozaliwa baadaye. Uchaguzi wa Oktoba 2000 uligombaniwa. CUF ikaitisha maandamano ya tarehe 27 Januari 2001 kudai uchaguzi urudiwe na katiba ibadilishwe. Serikali ikayapiga marufuku. Siku moja kabla, Ijumaa, watu walishapigwa risasi Mwembetanga hapa Unguja. Siku yenyewe ikawa Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani. Shirika la Human Rights Watch katika ripoti yake ya 2002 lilitaja watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Kiasi cha watu 2,000 walikimbilia Kenya, wengi kupitia hapo Shimoni alipofikia baba yako mdogo. Mara ya kwanza kwa Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kuwatoa kwa wingi namna hiyo.

Lakini naomba unisikilize hapa. Baba yako alivaa kanzu ya Ijumaa. Nimesoma mstari wako huo mara nne. Mtu anayekwenda kufanya fujo havai kanzu ya Ijumaa. Alivaa kama anayekwenda kwenye jambo la heshima, la kuonekana na watu, kama zafa. Kilichotokea mbele ya safari yake kina jina lake, na jina hilo wanastahili waliofyatua. Tukilichukua tukalibandika juu ya safari ya baba yako, tumemuongezea jeraha la pili.

Na tazama maneno yaliyofuata. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule ule ikatiwa saini Muafaka baina ya CCM na CUF. Mwishoni mwa 2009 yakaja Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 tukasema ndiyo, ikazaliwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maridhiano na maandamano yametoka kwenye kinu kimoja, yana *-ana* ile ile. Moja tumeliingiza kwenye hotuba zote za nchi na watoto wanalijua kwa moyo. Jengine tumeliacha chini ya kitanda.

#5 Mchangiaji (mtu mzima wa Ng'ambo, Unguja mjini)

Mwanangu mleta uzi, na wewe mwanangu wa Wete, poleni.

Nataka niongeze la umri wangu. Nyinyi nyote mmezungumza kama vile maandamano ni kitu cha wapinzani. Sisi tulipokuwa vijana maandamano yalikuwa ya serikali. Mei Mosi, na kilele cha Mapinduzi kila tarehe 12 Januari, tunakusanyika tangu asubuhi, kila idara na bango lake, kila skuli na sare zake, tunaingia Uwanja wa Amaan tunapita mbele ya jukwaa kuu. Mtangazaji akisema kwenye spika, "Na sasa wananchi wanapita kwa maandamano", hakuna aliyefunga mlango. Mie nilikuwa nabeba bango upande wa kushoto, mti wake wa mbao mbichi, mkono unaingia vijiti, na nilikuwa najiona mtu. Askari ndio waliokuwa na gwaride, sisi raia tulikuwa na maandamano.

Bara nako 1967 baada ya Azimio la Arusha watu walitembea kutoka mikoani kuliunga mkono. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza. Kijana Seti Benjamin akafia njiani akitembea kuunga mkono Azimio. Redio iliyataja hayo kwa heshima kubwa.

Lililobadilika ni kwamba neno limegawanywa. Siku hizi watu wakitembea kusifu, yanaitwa *matembezi*. Matembezi ya mshikamano, matembezi ya hisani, matembezi ya vijana ya kuadhimisha Mapinduzi. Watu wakitembea kudai, hayo ndiyo *maandamano*. Njia ni ile ile ya Michenzani, viatu ni vile vile, mabango yametengenezwa na mafundi wale wale. Neno limeachiwa upande mmoja tu, na upande huo ndio unaopigwa. Usishangae mtoto akadhani kupigwa ni sehemu ya maana.

Neno *matembezi* lenyewe nalo linaumia, kwa sababu kutembea kwetu ni kwenda kuwaona watu. "Nimekuja kukutembelea." Halikuumbwa kubeba bango.

#6 Mchangiaji (Tanga)

Mkuu, nakubaliana na mengi, lakini tuwe wakweli. Watu wakiandamana bila kibali si wanavunja sheria? Wakivunja sheria, fujo imeanzia hapo. Waombe kibali, wakipewa waende, wakinyimwa wakae nyumbani.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tanga, ahsante kwa swali. Umetumia neno *kibali*, na hapo pana kosa la miaka mingi ambalo wengi tunalo, hata waandishi wa habari.

Zamani sheria ilitaka kibali kweli. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu, kesi namba 5 ya 1993, Dodoma. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akasema sharti la kibali linakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu uhuru wa watu kukutana hauwezi kuwa wa kuombwa kwa ofisa ambaye anaweza kukataa atakavyo. Sheria ikarekebishwa. Tangu hapo kinachotakiwa ni *taarifa*: kwa maandishi, kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ukieleza mahali, saa na madhumuni. Polisi wanao uwezo wa kuzuia wakiona amani itavunjika, na uwezo huo hutumika sana, silikatai hilo. Na kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano, mtu wa Chake Chake na mtu wa Tanga wanaandika taarifa kwa jeshi moja.

Lakini sikiliza tofauti ya maneno mawili haya. Kibali huombwa, na anayeomba huinamisha kichwa. Taarifa hutolewa, na anayeitoa anakuambia tu kwamba kesho saa tatu nitapita hapa, nilinde na wenye magari. Ukisema "wamepata kibali?" umeshamrudisha raia alipokuwa kabla ya 1994, kwa neno moja, bila bunge kukaa.

Na mfano wa karibu: tarehe 24 Januari 2024 CHADEMA waliandamana Dar es Salaam, na polisi wakawasindikiza njia nzima. Watu walitembea, wakasema yao, wakarudi makwao. Siku ile neno lilikuwa na maana yake kamili, na sidhani kama kuna mwalimu aliyelitumia darasani.

#8 Mchangiaji (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu wa visiwani. Mie ni wa Mombasa, nimeusoma uzi huu hadi chai ikapoa.

Kimvita chetu bado twasema "n'andama", yaani nifuate, mama humwambia mtoto sokoni bila ya mtu kushtuka. Na habari za Kenya utasikia "Rais aliandamana na mkewe". Nyinyi wa Tanzania nimeona mwasema "akiambatana na mkewe". Sikuwahi kujua ni kwa nini, leo naanza kudhani.

Kwetu neno hili limekua hata limevuka lugha. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huliandika hivyo hivyo, *maandamano*, bila kulifasiri. Mwaka 2023 yalikuwa ya wanasiasa, Juni 2024 yakawa ya vijana kwa ajili ya mswada wa fedha. Msidhani kwetu ni salama. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia bungeni na watu wakauawa, kina mama wamezika watoto. Hofu tunayo. Ila neno halikufichwa. Mtu husema "naenda maandamano" kama asemavyo naenda kazini, na mama yake hulia, lakini hulia akijua mwanawe ameenda wapi.

#9 Mchangiaji (Chake Chake)

Samahani, swali dogo la sarufi tu. Umoja wake ni nini? Nimesikia mtangazaji akisema "andamano lile".

#10 Mleta uzi

*Andamano* inakubalika kisarufi, ngeli ya LI-YA kama *pambano* na mapambano. Lakini masikio ya wengi wetu hayaipendi, na mie naona yana haki. Tukio moja tunasema maandamano, matukio mawili tunasema maandamano mawili, kama tunavyosema maelewano bila kutafuta elewano.

#11 Mchangiaji (Wete)

Mleta uzi, lile la kanzu sikuwahi kulifikiria. Usiku wa jana nilimpigia mama simu, nikamuuliza ile kanzu ya baba iko wapi. Baba keshafariki, si kwa siku ile, ni maradhi. Kanyamaza kidogo, kisha kaniambia ipo kwenye sanduku, kaifua mwenyewe na kuitia udi. Nikamuuliza kwa nini baba alivaa ile siku ile. Akasema, "Alinambia anakwenda kuandamana na watu, hawezi kwenda na fulana."

Amelitaja. Si lile jina lenye *ma-*, kataja kitenzi. Miaka yote hii sijawahi kumsikia.

Nakushukuru. Sina la zaidi.

#12 Mleta uzi

Nimekaa na ujumbe huo juu namba 11 siku mbili bila kujua niandike nini, kwa hivyo nitaeleza tu nilichokifanya skuli.

Mtoto mwenye hati ya kulala nilimwita wakati wa mapumziko, tukakaa kwenye barza ya nje ya darasa ambapo wenzake wanatuona lakini hawatusikii. Sitataja skuli wala mtaa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa somo lote hili, mwezi, zafa, *-ana*. Nikaanza kwa kumuuliza, "Hii maana nani kakwambia?"

Akatazama viatu vyake. "Baba, mwalimu."

"Baba kakueleza kuwa maandamano ni fujo?"

"Kanambia nikiulizwa popote, niseme hivyo."

Nikamuuliza kwao ni wapi. Akanitajia kijiji cha Pemba. Sikumuuliza zaidi, na sikumpa lile somo. Baba mtu hakukosea Kiswahili. Alimpa mwanawe jibu la kumlinda, kama mama wa Wete anavyokwenda kushika komeo. Na mie nilikuwa nimeshashika kalamu nyekundu kumkata.

Nikamuuliza kuhusu sentensi. "Na hii ya milango, baba pia?"

Akatikisa kichwa. "Hiyo nimetunga mwenyewe."

Wiki ijayo nitalisomesha neno hili upya kwa darasa zima, nianzie na mwezi, na nitawaomba kila mmoja akamuulize mkubwa wa nyumbani kwao aliwahi kuandamana wapi na akiwa amevaa nini. Anayetaka kujibu ajibu, asiyetaka asilazimishwe.

Karatasi ya yule mtoto nimemrudishia jana. Alama moja kati ya mbili. Ile ya sentensi.